Akiba Haiozi

Jumapili, saa tano asubuhi,
kengele za Santa Eulália zinaita,
uwanja mkubwa umelala na kufuli zake,
na timu B inacheza kule nyuma, kwenye nyasi bandia,
kati ya ghala la vigae na reli ya kwenda Porto.
Watazamaji mia na saba. Nawajua, nakaa langoni:
mawakala watatu, kila mmoja na simu mbili,
akina baba wenye ugomvi wa kudumu na mshika kibendera,
mzee Custódio na redio sikioni,
anasikiliza mechi nyingine.

Hapa jezi hazina majina.
Zina namba tu, kubwa kama za vyumba vya hoteli:
sabini na moja, tisini na tatu, hamsini na nane.
Olinda wa kufulia huzibandika kwa pasi ya moto
na ndiye huzibandua.
Hamsini na nane, msimu huu peke yake, imepita miili mitatu:
wa kwanza alikopeshwa Kupro,
wa pili alisalitiwa na goti Novemba,
wa tatu ni Telmo, miaka kumi na tisa,
anayegonga mlango hata ukiwa wazi.

Sheria ya ligi ni fupi.
Mkishika mkia, mtashuka.
Mkiongoza jedwali, mtabaki palepale,
maana mtoto halali kitanda kimoja na mzazi.
Basi hupanda mmoja mmoja,
kama mafuta yapandavyo utambi,
na wengi hukauka njiani
kabla ya kujua moto una joto gani.

Wanasema akiba haiozi.
Aliyesema hakuwahi kufungua mfuko wa jezi
uliosahaulika siku mbili
kwenye basi lililotoka Covilhã.

Februari alishushwa kwetu Valdemar,
miaka thelathini na minne, goti limeshonwa mara mbili,
aje ajaribu mguu.
Vijana walimpisha bafuni kama wanavyompisha padri.
Mezani aliuliza, kwa sauti ya chini, chumvi inakaa wapi,
yeye aliyekula meza hiyohiyo
kabla Telmo hajaota meno.

Kisha Alhamisi moja, simu.
Beki wa kushoto wa timu kubwa ana homa.
Mama yake Telmo akafunga saluni huko Fafe,
akawaacha wateja na rangi nywele ikiwa nusu,
akapanda basi.
Olinda akachukua herufi tano,
T, E, L, M, O,
akazikandamiza kwa pasi
sekunde kumi zaidi ya inavyotakiwa.

Alipasha misuli mara tatu kandokando ya mstari.
Mara tatu akaambiwa, kaa.
Suluhu, bila kwa bila.

Jumatatu mfuko ukafika.
Jezi ya Telmo ilikuwa imelowa.
Imelowa kote, sawasawa, mpaka kwenye pindo la mkono,
na Olinda, miaka ishirini na sita kwenye mashine zile,
anajua jasho lina barabara zake:
shingo, kwapa, uti wa mgongo.
Hili halikupita barabara yoyote.
Akainusa. Sabuni ya bafu la wachezaji.
Hapakuwa na udongo, wala ule ukijani mdogo kiwikoni
ambao nyasi halisi humwachia mtu.

Mlango ukagongwa. Ulikuwa wazi.
“Imechafuka sana, Dona Olinda?”
Akamtazama kijana, akaitazama beseni.
“Sana,” akasema. “Hii mpaka ilale majini.”

Na kweli akailoweka, usiku kucha,
jezi safi,
pamoja na ya Valdemar yenye damu ya soksi
na zile za wengine, zisizo na jina.

Jumapili mvua. Watazamaji tisini na wawili.
Hamsini na nane alianguka dakika ya nne,
akainuka na goti jeusi kwa vipira vya nyasi bandia,
akageuka kutazama dirisha la chumba cha kufulia,
halafu akakimbilia mpira,
kwa kuwa mpira ulikuwa unatoka.